Pini Katika Bitana ya Koti

Ghorofa ya sita,
tarehe 6 Februari

Wifi yangu Mkunga,

Nimefika salama. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua stempu zinauzwa wapi, na nilikataa kumuuliza mwanangu kila kitu. Tafadhali usinipigie simu. Yeye huiweka mezani na kuongeza sauti ili mkewe naye asikie, na unajua kwamba mimi na wewe hatuwezi kuzungumza dakika mbili bila kumsengenya mtu. Tuandikiane.

Chumba changu kina dirisha moja, kitanda kipana kuliko kile nilicholalia na marehemu kaka yako, na kabati ambalo nguo zangu hazikujaza hata robo. Mwanangu na mkewe huondoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Wananitunza kama yai. Mkwe ameniandikia karatasi ya jinsi ya kuwasha jiko, hatua tisa, kana kwamba miaka hamsini nilikuwa nikila vyakula vibichi.

Usinihurumie. Jengo lina ghorofa tisa na watu wengi wenye heshima zao. Jirani wa mlango wa kushoto hunijia kila asubuhi, akasimama na kunitazama mpaka nicheke. Tumezoeana sana. Sina upweke wowote.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe 28 Juni. Mwanangu anataka niitupe, nikae naye moja kwa moja. Sijamjibu. Nitaamua mwenyewe.

Unisamehe kwa gauni lako la kijani. Safari ilinijia ghafla, nikaliacha na pini pindoni. Mpelekee fundi wa sokoni alimalizie. Ni kazi ya nusu saa.

Wifi yako,
Fundi


Nyumbani,
tarehe 25 Februari

Wifi,

Barua yako ina kurasa mbili na ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayezungumza. Nimeisoma mara tatu kumtafuta.

Nimezalisha wanawake miaka thelathini na minane. Ninamjua mtu anayesema hana uchungu huku ameshika ukingo wa kitanda. Hebu niambie: huyo jirani anayesimama na kukutazama ni mbwa au ni paka?

Huku hakuna jipya. Kila asubuhi ninafungua madirisha ya nyumba yako na kupangusa cherehani. Alasiri kibaraza chako kinajaa kama kawaida: Mwalimu Mstaafu, Mke wa Seremala, Mama Mapacha na mimi. Juzi Mwalimu alikalia kiti chako. Mke wa Seremala akamwambia, "Inuka hapo, mwenyewe hajafa." Mwalimu akajibu kwamba kiti hakina hati miliki. Hawakusemeshana mpaka jua likazama, na kila mmoja alikataa kutangulia kwenda nyumbani.

Gauni langu sitampa fundi wa sokoni. Yule hushona kama anafunga gunia. Limetundikwa nyuma ya mlango na pini zako zote kumi na mbili, na litabaki hapo mpaka mikono iliyozichomeka ije izichomoe.

Mwanao na mkewe wana habari yoyote inayohusu kazi yangu? Mwaka wa tano wa ndoa yao sasa. Waambie mkono wangu haujapoteza nguvu.

Wifi yako,
Mkunga


Ghorofa ya sita,
tarehe 16 Machi

Wifi yangu,

Ni paka.

Haya, umenishinda. Wiki saba sikuzungumza na mtu asiyekuwa wa nyumba hii. Mwanangu akirudi amechoka, tunasalimiana, tunakula, anasinzia kwenye kiti. Mchana nilikuwa nikisema peke yangu ili nisikie sauti. Siku moja nilimwamkia mzee mmoja kwenye lifti, naye akanijibu kitu kwa lugha yake. Mlango ulipofunguka aliteremka, nami nikaendelea kupanda na kushuka mara nne, nikitumaini ataingia tena. Hiyo ndiyo habari kubwa niliyokuwa nayo, nikaona aibu kukuandikia.

Lakini sasa soma vizuri. Nimepata kazi!

Chini kabisa ya jengo kuna chumba cha kufulia, chenye mashine sita na meza moja ndefu. Watu hukaa wakizikodolea macho mashine kama waume wanaosubiri nje ya chumba chako cha kuzalishia. Nikaanza kuteremka huko kila Jumanne na nguo mbili tatu, hata zile safi. Jana nilikuta koti la kiume mezani, la kijivu, kitambaa kizuri cha zamani. Hapakuwa na mtu. Nililigeuza kidogo tu, kwa mazoea. Bitana ilikuwa imechanika chini ya kwapa la kushoto, na pale palipochanika palikuwa na pini.

Unajua maana yake. Nani asiyejua desturi ya kibaraza changu? Mtu akichanikiwa na nguo, huweka pini mahali penyewe, huiacha kwenye benchi na kwenda zake. Hakuna maswali. Pini ndiyo maagizo. Wifi, nusura nipige kigelegele. Nilisema: hata huku wanajua!

Nilingoja robo saa, kisha nikalichukua. Nimeishona bitana kwa mkono, mshono ambao hata wewe na miwani yako hutauona. Nimekaza na kishikizo kimoja kilicholegea. Pini nimeichomeka kwenye kimto changu cha sindano, kwa maana pini haitupwi. Leo alasiri ninalirudisha mezani.

Wifi yako,
Fundi


Nyumbani,
tarehe 2 Aprili

Wifi,

Nimefurahi mpaka nimekusamehe ule uongo wa paka. Barua yako niliisoma kwa sauti kibarazani. Mke wa Seremala alipiga makofi. Mwalimu alisema alijua tu kwamba hutakaa bure, ingawa mwezi uliopita alisema kinyume chake.

Jambo moja limenikaa kichwani. Ulimuuliza mwenye koti?

Mkunga


Ghorofa ya sita,
tarehe 5 Aprili

Wifi yangu,

Karibu wiki tatu aibu ilinizuia kushika kalamu, na sijui barua yako inayokuja itasema nini. Kama ni ya pongezi, uirudishe moyoni.

Lile koti halikuachwa kwa ajili yangu. Mwenyewe alipanda juu mara moja kuchukua sabuni, na sijui nini kilimchelewesha, aliporudi hakulikuta. Walibandika tangazo kwenye lifti, maandishi matupu. Siku nzima nilipanda na kushuka nalo mbele ya pua yangu, nisielewe kwamba linanihusu. Nilipolirudisha, msimamizi wa jengo alinikamata mkono wa blauzi mbele ya watu. Alimpigia mwanangu simu kazini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima nikimngoja, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyevunja kitu dukani.

Mwanangu alipofika hakunitazama. "Mama, huku mtu hachukui nguo ya mtu."

Nikamwambia, "Lilikuwa na pini."

"Mama, pini ni pini tu!"

Ndipo alipoletwa mwenye koti. Ni yule mzee wa lifti. Hakunigombeza. Aligeuza koti, akapitisha kidole chini ya kwapa pale niliposhona, akapapasa, akapapasa tena. Kisha akakaa. Alisema maneno machache, na mwanangu akanitafsiria.

Pini ile iliwekwa na mkewe. Alimwambia, "Nitaishona kesho." Wiki ileile alifariki. Mzee amelivaa koti miaka minne na pini yake ndani. Naye ni mgeni huku kama mimi; yeye na mkewe walimfuata mtoto wao, na mtoto amehamishiwa kazi mji mwingine.

Nilitamani sakafu inimeze. Mwanangu aliomba radhi kwa niaba yangu, mimi sina hata neno moja la lugha yao. Tulipofika juu alisema kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi: "Mama, tafadhali usiteremke tena peke yako."

Basi, yamekwisha. Miaka arobaini nimeshona nguo za watu, na kazi nzuri kuliko zote imemwibia mtu kitu cha mwisho alichoachiwa na mkewe. Ninarudi kwetu tarehe 28 Juni. Nifungulie madirisha, toa benchi nje. Waambie Mwalimu na wenzake wanipishe kiti changu. Nataka kukaa mahali ambapo pini inaeleweka.

Fundi


Nyumbani,
tarehe 22 Aprili

Wifi,

Keti kwanza, ndipo usome.

Uliniandikia kwamba huna upweke, nikakucheka. Mimi nimekudanganya kwa ustadi zaidi, kwa sababu nilikupa na majina. Kibaraza chako hakina mtu. Ulipoondoka, walikuja wiki mbili. Tulikaa tukitazamana. Tuligundua kwamba tulikuwa tunakuja kusikia cherehani, na kukusikia wewe ukitugombeza kwa pini zilizotushinda kuokota. Mwalimu Mstaafu amechukuliwa na mwanawe tangu mwezi wa Februari. Mama Mapacha miguu imemkataa, hatoki tena. Mke wa Seremala tulimzika tarehe 9 Machi. Ule ugomvi wa kiti niliutunga. Barua yako niliisoma kwa sauti kweli, lakini waliosikiliza ni viti vinne.

Sikutaka uhangaike. Tena, nikisema kweli yote, nilipokuwa nikikuandikia ugomvi wao niliwasikia.

Na mimi siko mbali na safari. Binti yangu ananitaka kwake, safari ya siku mbili kutoka hapa, ghorofa ya nne. Mwezi wa Agosti. Nilikuwa nimekataa, nikisingizia funguo zako. Sasa unajua.

Kwa hiyo usirudi kwa ajili ya kibaraza. Ukitaka kurudi kwa sababu nyingine, nitakupokea. Lakini kukimbia kwa aibu ukitafuta mahali ambapo hapapo, hilo nalikataza, na mimi ni dada wa mumeo, nina haki ya kukukataza.

Sasa tuje kwenye kazi. Umeandika kurasa tatu za majuto na hukusema pini iko wapi. Kama bado iko kwenye kimto chako, basi mzee wa watu hajaibiwa, ameazimwa. Jikaze kisabuni, mama. Mimi nimewahi kukosea mbele ya kitanda cha mzazi. Hakuna aliyeponywa kwa mimi kwenda kujificha. Nilinawa mikono, nikarudi.

Mkunga


Ghorofa ya sita,
tarehe 12 Juni

Wifi yangu,

Nimemlilia Mke wa Seremala siku tatu, tena kwa kuchelewa, na kwa hilo nimekukasirikia. Siku ya nne nilitamani utunge ugomvi mwingine. Tumalizie hapo.

Pini ilikuwepo. Kimto changu kina pini themanini na kitu, lakini ya mtu mwingine hujitenga: nene, ya zamani, kichwa kimegeuka manjano, na ina kutu kidogo mahali inapojifunga. Niliichomoa, nikachukua mkasi mdogo na subana ya kidoleni, nikateremka ngazi kwa miguu mpaka ghorofa ya tatu, anakokaa mzee. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanangu alikuwa kazini na hakuniruhusu. Nina miaka sitini na tisa.

Nilibisha hodi. Mzee alifungua mlango kiasi cha mnyororo. Nikafungua kiganja, akaiona pini. Mnyororo ukatoka.

Chumba chake ni kama changu. Viti viwili, kimoja kina nguo zilizokunjwa. Kikombe kimoja kwenye sinia lenye nafasi ya vinne. Nilionyesha koti lililotundikwa, akaliwahi na kulishika kifuani. Nilionyesha mkasi, kisha mshono wangu, nikafanya hivi kwa vidole, kama mtu anayefumua. Alilishusha koti polepole kutoka kifuani. Akaziondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, nikakaa.

Wifi, tangu nijifunze kazi sijawahi kufumua mshono usiokuwa na kosa. Nilifumua ule. Ulikuwa na mapigo ya sindano thelathini na moja, nami niliyakata moja moja, yeye akiwa ameinama mpaka pumzi yake inanifika mkononi. Bitana ikaachia. Nilitafuta yale matundu mawili ya zamani. Yalikuwa yamebaki, yana alama ya kutu, kwa hiyo hapakuwa na kubahatisha. Nikairudisha pini kwenye matundu yake yaleyale, ikaelekea kulekule ilikokuwa imeelekea. Aliyeichomeka alitumia mkono wa kushoto. Hilo nililiona siku ya kwanza na sikulifikiri.

Nilimwonyesha: nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, nikachezesha vidole kama wenye sindano, nikaonyesha pini. Alielewa. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema maneno mengi sana. Sikuelewa hata moja. Alipomaliza, nilimjibu kwa lugha yetu, kwa urefu uleule, habari za marehemu kaka yako na jinsi alivyokuwa akikoroma. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, mpaka mwisho.

Jioni nilimwambia mwanangu yote. "Na Jumanne ninateremka kwenye chumba cha kufulia," nikasema.

"Mama, utaniaibisha tena."

"Utazoea."

Mkewe alicheka jikoni, na ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka kwa sauti. Yeye ndiye aliyeniandikia kibao kwa lugha yao: "Fundi. Leta nguo mwenyewe, kaa nayo." Alinihakikishia kwamba ndivyo kinavyosema. Msimamizi wa jengo alikisoma mara mbili, akakitafutia kosa, akakosa.

Jumanne ya kwanza nilikaa saa tatu nzima na kimto changu, hakuja mtu. Ya pili, hivyohivyo, ila mwanamke mmoja alidhani ninauza pini. Ya tatu, mzee aliteremka na shati lisilo na kishikizo kimoja. Mahali pa kishikizo alikuwa ameweka pini. Nani alimwambia? Aliliweka mezani mbele yangu kama mteja wa kwetu kabisa, ila hakwenda zake. Alivuta kiti. Ya nne alikuja na bibi mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye anatoka nchi nyingine tena na ana lugha nyingine tena. Naye anajua kushona. Aliuona uzi niliotia kwenye sindano, akautoa, akatia wake! Nikautoa, nikarudisha wangu. Tumegombana alasiri nzima, kila mtu kwa lugha yake, na mzee katikati akitupatanisha kwa ya tatu. Sijafurahi hivyo tangu niondoke kwetu Januari.

Tiketi haitatumika. Si kwa sababu mwanangu amenibembeleza. Tarehe 28 Juni ni Jumanne, na nina suruali mbili za watu.

Wewe nenda kwa binti yako. Funga nyumba, funguo mpe jirani wa mbele, na cherehani mpelekee Mama Mapacha kitandani, aizungushe hata bila uzi. Sauti yake itamtosha. Ila nakuomba kitu kimoja, tena nakuamuru, kwa sababu mimi nimekutangulia huku. Ukifika, usikae chumbani wiki saba. Tafuta mahali watu wanaposubiri kitu, ukae nao. Na gauni lako, kwa hisani yako, mpe fundi yeyote alimalizie uwe na nguo ya kusafiria.

Wifi yako,
Fundi


Ghorofa ya nne,
tarehe 20 Agosti

Wifi,

Nimefika. Binti yangu naye ameniandikia karatasi ya jiko. Yangu ina hatua kumi na moja, nimekuzidi.

Siku ya tatu niliteremka. Mtaa wa nyuma kuna kliniki ya wajawazito, na nje yake kuna benchi. Nilikaa. Kijana mmoja wa kike, miezi minane kwa kumkadiria, alikuwa amekaa vibaya, miguu imemvimba. Lugha yao ninaijua nusu. Nilimpandisha miguu juu ya mkoba wangu, akashusha pumzi. Muuguzi akatoka akanifukuza. Kesho yake nilirudi, akanifukuza tena. Siku iliyofuata aliniletea kiti. Nadhani alichoka. Sasa ananiuliza maswali, na mengine najifanya sikuyasikia ili ayarudie kwa heshima zaidi.

Cherehani imefika kwa Mama Mapacha. Huizungusha alasiri, majirani wameanza kulalamika, na wawili kati yao wameingia ndani kulalamika na bado hawajatoka.

Kuhusu gauni. Sikumpa fundi yeyote. Pini zako sikuzitoa hata moja. Nimesafiri nalo hivyohivyo, na ndilo ninalovaa kwenda kwenye benchi. Zinanichoma nikikaa sana nyumbani, kwa hiyo sikai.

Wifi yako,
Mkunga